Waya Usiokuwa Waya

Lugha haidhuriki sana kwa neno ililolikosa. Mwandishi aliyekosa neno hutaabika, huzungukazunguka, huuliza kwa wenzake, na mwishowe hueleza kwa sentensi mbili jambo ambalo lingetosha neno moja. Msomaji hupoteza nusu dakika, lakini hapotezi ukweli. Hatari imo katika neno lililopokelewa kabla ya kuulizwa hali. Neno hilo hukaa barazani kama mgeni asiyejulikana aliyemleta, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kila mtu anavyozidi kuona haya kumwuliza ametoka wapi. Mgeni wa namna hiyo anabisha hodi sasa katika Kiswahili cha sayansi. Jina lake ni waya wa bakteria.

Jina hilo limetoka katika Kiingereza, ambamo lilivuma tangu mwaka 2005. Kila mfasiri atakayekutana nalo atavutwa kuligeuza kwa pigo moja, kwa sababu waya ni neno la kila siku: upo waya wa simu, upo waya wa pasi, upo hata waya wa kuanikia nguo. Wepesi huo ndio unaostahili kutiliwa shaka. Kabla ya kuuliza kama neno linatamkika, yafaa kuuliza kama linasema kweli.

Jambo lenyewe ni hili. Kila kiumbe hai hupata nguvu kwa kuvunja chakula, na katika kuvunja huko hutoka elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, ambazo hazina budi kupatiwa mahali pa kutua. Zisipotua kazi yote husimama, kama mashine ya kusaga inavyosimamishwa mfuko wa unga ukijaa na asiwepo wa kuuondoa. Mwanadamu hutuliza elektroni zake juu ya oksijeni, na oksijeni haina taabu: ni hewa, huingia ndani ya seli na kuufuata mzigo ulipo. Lakini wapo bakteria waishio katika matope yasiyofikiwa na hewa. Huko, vitu vilivyo tayari kupokea elektroni ni kutu ya chuma na madini ya manganizi. Navyo ni vigumu, haviyeyuki kwa urahisi katika maji, wala haviwezi kupenya ngozi ya bakteria. Mpokeaji haingii ndani. Basi mzigo hauna budi kutolewa nje.

Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake walieleza habari za bakteria aliyepatikana katika matope ya mto Potomac nchini Marekani, ambaye hugeuza kutu ya chuma kuwa madini yenye sumaku. Mwaka uliofuata Charles Myers na Kenneth Nealson walitangaza mwingine kutoka ziwa Oneida katika jimbo la New York, aliyeweza kukua bila ya oksijeni, akiwa na madini ya manganizi tu ya kupokea elektroni zake. Wa kwanza ni wa jamii inayoitwa leo Geobacter. Wa pili ni Shewanella oneidensis, aliyechukua jina la ziwa lake. Hata kabla yao, mwaka 1911, M. C. Potter, profesa wa elimu ya mimea huko Newcastle, alikuwa ameonyesha kwamba hamira na bakteria waweza kutoa umeme katika chombo. Umeme huo ulipitia njia gani, Potter hakuwa na chombo cha kumwezesha kujua, na swali hilo lilingoja karibu karne nzima.

Ni vizuri kukaa kidogo juu ya jibu lake, kwa maana watu wengi wapendao neno waya hawajalitazama. Shewanella amevaa nguo mbili, utando wa ndani na utando wa nje, na baina yake upo ukumbi mwembamba wenye maji. Tando zote mbili zimejaa mafuta, na mafuta hayo ni kizuizi kwa elektroni. Ndani ya protini hali ni tofauti, ila kwa mpaka: mwaka 1999 wataalamu waliopima protini nyingi walionyesha kwamba elektroni yaweza kuruka kutoka kituo hadi kituo ikiwa nafasi iliyopo kati yake haizidi nanomita 1.4 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Utando wa nje una unene wa kiasi cha nanomita 7. Mruko mmoja hautoshi. Ni lazima pawe na vituo njiani, na kila kituo kiwe karibu na mwenziwe.

Vituo hivyo huitwa hemu. Hemu ni pete ndogo yenye atomu ya chuma katikati, nayo ni ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu ya mwanadamu wekundu wake. Protini zibebazo hemu kwa kazi hii huitwa sitokromu. Katika utando wa ndani wa Shewanella imo sitokromu yenye hemu 4, ambayo huzipokea elektroni zinapotoka katika kazi ya kuvunja chakula. Ukumbini mna sitokromu ndogondogo ziendazo huku na huku, zikichukua elektroni kutoka utando wa ndani na kuzipeleka mlangoni mwa utando wa nje. Na mlangoni pana protini 3 zilizoshikana: MtrA, yenye hemu 10, imelala ndani ya MtrB kama upanga katika ala, na juu yake, nje kabisa, kwenye uso wa bakteria, imekaa MtrC yenye hemu 10 nyingine. Ala hiyo ndiyo inayotenga njia ya elektroni na mafuta ya utando. Mwaka 2020 umbo la protini hizo 3 zikiwa pamoja lilitolewa hadharani, kutoka kwa ndugu mmoja wa Shewanella huyo, na hemu zote 20 zikaonekana zimepangwa mfululizo kutoka ndani hadi nje. Kutoka MtrC elektroni huruka na kuingia katika kutu iliyogusana na bakteria, au katika elektrodi ikiwa mtu ameiweka hapo badala ya kutu.

Sasa na aulizwe mpenzi wa neno waya: waya uko wapi katika habari hizo? Katika waya wa shaba elektroni ziendazo si mali ya atomu hii wala ile. Ni kama maji ya mfereji, ambayo hakuna jiwe la mferejini liwezalo kusema tone hili ni langu. Yakisukumwa upande mmoja husogea yote. Katika safu ya hemu mambo hayaendi hivyo. Kila elektroni hukaa, japo kwa muda mfupi usiosemeka, katika hemu moja yenye kujulikana, kisha huhamia ya pili. Hemu iliyokwisha pokea haiwezi kupokea nyingine mpaka iwe imetoa ile ya kwanza. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi, na mwendo huo una jina la Kiswahili lililokuwapo kabla ya maabara yoyote kujengwa: kupokezana.

Mafundi wanaopandisha matofali darini husimama mstari mmoja. Hakuna atembeaye, tofali ndilo liendalo. Kila mikono hupokea kwa wa nyuma na kutoa kwa wa mbele, na aliyeshika tofali hawezi kupewa jingine. Watoto wa shule hukimbia mbio za kupokezana vijiti kwa kanuni hiyo hiyo. Mwanafunzi wa sarufi na akitazame kitenzi hicho: kutoka pokea kimezaliwa pokeza, kwa kiambishi cha kufanyiza, na kutoka pokeza kimezaliwa pokezana, kwa kiambishi cha kutendana. Mpokeaji amefanywa kuwa mtoaji, na mtoaji na mpokeaji wamefungwa katika tendo moja. Hemu 20 za Shewanella hazifanyi zaidi ya hayo. Ni ajabu kwamba lugha yenye kitenzi cha namna hii yaweza kushawishiwa kwenda kuomba waya kwa jirani.

Na jirani mwenyewe waya huo ulimpoteza njia. Mwaka 2005 Gemma Reguera, pamoja na Lovley na wenzao, walitangaza kwamba Geobacter anazo nyuzi nyembamba zitokazo mwilini mwake, kwamba nyuzi hizo hupitisha umeme, na kwamba ni vinyweleo vya aina ijulikanayo zamani katika bakteria wengi, ambavyo kazi yake kwingineko ni kujishikiza na kujikokota. Ushahidi ulikuwa wa namna mbili. Nyuzi zilipoguswa kwa ncha ya chombo cha kupimia, umeme ulipita. Na bakteria aliyeondolewa jeni ya kutengeneza protini ya kinyweleo alishindwa kutuliza elektroni zake juu ya kutu. Basi kinyweleo ndicho waya. Mwaka 2006 Shewanella naye akasemwa kuwa na nyaya. Jina likaenea, likaingia katika vitabu vya darasani.

Mwaka 2014 Sahand Pirbadian na wenzake huko California waliwatazama Shewanella chini ya hadubini wakiwa hai, na kuona kwamba nyaya zao hazikuwa vinyweleo hata kidogo: zilikuwa utando wa nje uliojivuta na kurefuka, umebeba sitokromu zake mgongoni. Kisha mwaka 2019 makundi mawili ya wataalamu, kila moja kwa njia yake, yalizigandisha nyuzi za Geobacter kwa baridi kali na kuzitazama kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya nyuzi walizozichunguza hawakukuta protini ya kinyweleo. Walikuta sitokromu iitwayo OmcS, maelfu kwa maelfu, moja imeungana na nyingine, kila moja na hemu zake 6, hemu zote zimepangwa mstari mmoja kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho. Mstari wa mafundi wa matofali ulikuwa umerefushwa ukawa uzi.

Na yule bakteria aliyeondolewa jeni? Kundi moja lilitoa jibu mwaka 2021: kinyweleo cha Geobacter chaelekea kufanya kazi kama mchi, kikizisukuma sitokromu zitoke nje. Kikiondolewa, sitokromu hubaki ndani, na kutu haifikiwi. Ukivunja mlango wa zizi ukauziba kwa mawe, ng'ombe hawatatoka malishoni. Lakini asitokee mtu akasema kwamba mlango ndio uliokuwa ukila majani. Kosa hilo la hoja lingeweza kumpata mtafiti yeyote mwema, na si haki kuwacheka waliolifanya. Linalostahili kulaumiwa ni jina, ambalo lililifunika kosa kwa miaka 14. Mtu aliyekwisha sema waya huona uzi na ncha mbili, na hana haja ya kuuliza uzi huo umefumwa kwa nini.

Watetezi wa waya watakuwa na la kusema, na hoja yao bora ni hii: jina ni jina tu. Katika Kenya watu huuita umeme stima, neno lililotoka kwa meli na mitambo ya mvuke, wala hapana mvuke katika balbu. Na bado taa zinawaka, na mwenye nyumba hulipa ada yake kama kawaida. Umeme wenyewe ulikuwa neno la radi kabla ya kuwa neno la taa. Ikiwa maneno hayo hayakumdhuru mtu, waya utamdhuru nani? Hoja hiyo ina uzito, na mtu asiipite kwa dharau. Lakini hakuna fundi apigaye hesabu kwa kutegemea maana ya stima. Neno hilo limekwisha kufa ndani, limebaki ganda, na ganda halipotoshi mtu. Waya haujafa. Mwanafunzi aambiwaye waya hutaka mara moja kujua unene wake, ukinzani wake, na kama ukikatwa utaungika. Hubuni majaribio kwa maswali hayo, na huomba fedha kwa ajili yake. Neno lililo hai katika fikira za mtafiti ni chombo cha kazi, na chombo kibovu huharibu kazi.

Ukweli na usemwe pia kwamba chombo hicho kilileta faida yake. Bila ya neno waya huenda asingetokea mtu wa kugusa uzi mwembamba kiasi hicho kwa ncha ya kupimia umeme. Mfano humwongoza mtafiti mpaka mlangoni. Shida ni mfano unaokataa kubaki nje wenye nyumba wakiisha kufika.

Waya, zaidi ya hayo, hauna nafasi kwa nusu nyingine ya habari hii. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba Shewanella hutoa flavini majini, kemikali za ukoo wa vitamini B2, ambazo hushika elektroni kwenye uso wa seli na kuzifikisha kwa mpokeaji. Maji yenye flavini yalipoondolewa katika jaribio moja na kuwekwa mengine, zaidi ya asilimia 70 ya mwendo wa elektroni kwenda kwenye elektrodi ilipotea. Huyo ni mchukuzi, aendaye na kurudi. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba Listeria monocytogenes, bakteria wa kuogopwa katika vyakula, naye hupeleka elektroni nje kwa protini za flavini, bila ya safu ndefu za hemu. Mwenye kupokezana na mchukuzi katika msamiati wake aweza kuyasema yote hayo kwa utulivu. Mwenye waya peke yake itampasa kuyatupa au kuyapinda.

Pale panapostahili neno hilo, lipewe haki yake. Katika matope ya pwani ya Denmark wamo bakteria waishio maelfu kwa maelfu katika mnyororo mmoja wenye urefu wa sentimita nzima na zaidi, kama ilivyotangazwa mwaka 2012 na wataalamu wa Aarhus. Ndani ya ganda la mnyororo huo hupita nyuzi ndefu kutoka seli ya kwanza hadi ya mwisho, nazo hupitisha umeme kwa wepesi wa kushangaza. Hao wameitwa bakteria wa kebo, na atakayewaita hivyo kwa Kiswahili hatakuwa amekosa. Kumpa Shewanella jina la ukoo huo ni kumvika kanzu ya mtu mwingine.

Yapo maneno mawili mengine yanayohitaji macho, ingawa si kwa kirefu. Imezoeleka kusema kwamba bakteria hawa wanakula chuma. Kiswahili kilikwisha kusema zamani kwamba kutu hula chuma, na katika usemi huo hapana aliyedanganyika. Lakini bakteria hawa hawali kutu. Wanachokula ni asetati, laktati na mabaki mengine ya vitu vilivyooza, na kutu ni mahali wanapotulia mzigo. Neno la pili ni kupumua. Vitabu vya shule hutumia upumuaji kwa pumzi ya kifuani na kwa kazi iliyofichika ndani ya seli pia, na mtoto aambiwaye kwamba bakteria hupumua jiwe hufikiri ama anadanganywa ama anachezewa. Akiambiwa kwamba bakteria hutua elektroni zake juu ya jiwe kama mchukuzi atuavyo gunia, ataelewa kabla kengele haijalia.

Limebaki kundi la wale wasemao kwamba ugomvi wote huu ni wa bure, kwa kuwa mambo ya elektroni na protini yana lugha yake, nayo ni Kiingereza. Kundi hilo lina nguvu, maana limekaa katika utaratibu wa shule: mtoto wa Tanzania aliyeanza sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi huikuta imegeuka Kiingereza akifika sekondari. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990, miaka 15 kabla ya neno waya kuvuma. Haina lawama kwa kutolijua, lakini kazi iliyoanzwa na kamusi hiyo haikuisha siku ilipopigwa chapa. Wenye kukimbilia Kiingereza wanafikiri huko watakuta maneno yaliyokwisha pimwa. Hadithi ya vinyweleo inaonyesha walichokikuta. Kiingereza kilijikwaa kwa neno lake chenyewe, mbele ya wasemaji wake wenyewe, katika majarida yake makubwa. Na anayeazima neno baada ya mwenyewe kulitilia shaka hawezi kudai kwamba alifuata usalama.

Kinachotakiwa ni kidogo. Kwa tendo, kupokezana elektroni. Kwa flavini, mchukuzi. Na kwa kile kitu chembamba kionekanacho chini ya hadubini, uzi wa bakteria. Uzi husema umbo na kunyamaza juu ya kazi, na kimya hicho kina manufaa, kwa sababu Lovley na baadhi ya wenzake hawakuikubali hukumu ya mwaka 2019. Wamejibu kwa maandishi kwamba vinyweleo vya Geobacter navyo hupitisha umeme, na kwamba kuziona nyuzi za OmcS si kuthibitisha kwamba vinyweleo havina kazi hiyo. Kamusi ikiandika uzi, pande zote mbili zaweza kusoma ukurasa huo mmoja bila ya mtunga kamusi kumpa yeyote ushindi ambao maabara haijampa.